Sura ya 6: Chuma Kimebaki Wazi, Nipake Nini?

Fundi amekwangua kutu chini ya gari, au amechomelea kiraka kipya cha bati sakafuni. Chuma kinang'aa. Mwenye gari anachungulia na kuuliza swali ambalo wasomaji wengi wameniuliza: hapa nipake nini?

Majibu hayakosekani. Mmoja atasema piga andasili nyeusi, yaani lami nzito ya chini ya gari, umalize kazi. Mwingine atamtuma kijana dukani akalete oksaidi nyekundu. Wa tatu ataapa kwamba oili chafu inatosha, maana pikapu ya mjomba wake ina miaka ishirini. Na siku hizi yupo wa nne, anayekuletea kopo lililoandikwa kwamba linageuza kutu kuwa chuma.

Msimamo wangu ni huu, na sura nzima itaueleza: tabaka linalogusa chuma ndilo linaloamua kila kitu, na tabaka hilo huchaguliwa kwa kutazama hali ya chuma chenyewe. Lile jeusi la mwisho, ambalo mteja huonyeshwa gari likiwa bado juu ya stendi, ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote.

Kwa nini pwani inakula magari

Kutu inahitaji vitu vitatu: chuma, maji na oksijeni. Chumvi si ya lazima, ila ikiwepo kazi huenda mbio. Kutu ni umeme mdogo unaotembea ndani ya bati lenyewe. Sehemu moja hupoteza chembe zake, sehemu ya jirani hupokea umeme, na maji yaliyo juu yake hukamilisha mzunguko. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, kwa hiyo mzunguko hushika kasi.

Chumvi ina jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Hunywa unyevu wa hewani. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75. Mama yeyote wa Tanga au Lamu anajua hilo bila kipimo, kwa sababu chumvi aliyoiacha wazi jikoni usiku huikuta imeloa asubuhi. Basi chukua vumbi la chumvi hiyo, liweke juu ya fremu, ndani ya madigadi na nyuma ya tanki la mafuta. Usiku wa pwani unyevu hupita kiwango hicho mara nyingi, na chuma hulala kimeloa hata katika mwezi usio na tone la mvua. Anayevuka Likoni au Kigamboni kila siku huongeza maji ya bahari yenyewe, yale yanayoruka kwenye rampu ya kivuko.

Halafu kuna chumvi iliyokuja na gari. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, na katika mikoa ya theluji kama Hokkaido na Tohoku barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Mara nyingi humwagiwa pia kloridi ya kalsiamu, chumvi yenye kiu kubwa zaidi: huanza kuloa unyevu ukiwa karibu asilimia 30 tu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, lakini hata la miaka 7 kutoka huko limeshapita misimu kadhaa ya theluji kabla halijaiona bandari ya Mombasa. Ndiyo maana gari linaloonekana jipya kwa juu linaweza kuwa limechoka kabisa kwa chini.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikianza chini ya rangi, huinua rangi hiyo, huipasua, na kuingiza maji zaidi. Hapo ndipo tabaka nene la lami linapogeuka kuwa adui: kwa nje limeshikana vizuri, kwa ndani limehifadhi maji.

Kiwanda kilifanya nini

Inafaa kujua gari lilikingwa vipi lilipotoka kiwandani, kwa sababu tutaiga mpangilio huo kwa uwezo wetu.

Sakafu ya gari dogo ni bati lenye unene wa milimita moja hivi, mara nyingi pungufu. Katika magari mengi ya sasa sehemu kubwa ya bati hilo hufunikwa kwa zinki, kwa wazo lile lile la mabati ya nyumba zetu, ambalo Mfaransa Stanislas Sorel alilipatia hataza mwaka 1837. Zinki haikai tu juu ya chuma kama kifuniko. Hujitoa iliwe kwanza. Bati likikwaruzwa hadi chuma, zinki ya pembeni ndiyo huoza na chuma husalimika kwa muda.

Kisha bodi nzima huzamishwa kwenye birika la rangi na kupitishiwa umeme. Umeme huivuta rangi ishike kila mahali, hata ndani ya mihimili isiyofikiwa na brashi. Kampuni ya Ford ilianza kutumia njia hiyo katika miaka ya 1960, na sasa ndiyo desturi ya viwanda vya magari. Tabaka lenyewe ni jembamba sana, kama mikroni 20, yaani sehemu ya hamsini ya milimita, lakini limeshika kweli kweli. Baada yake huja kizibo cha viungio, kisha mpira wa kuzuia mawe, na mwisho nta ndani ya mihimili.

Grainda ikipita, hayo yote yameondoka. Kiraka kipya nacho hakikuwa nayo tangu mwanzo.

*Kwa ufupi:* chuma kilichobaki wazi kimepoteza ulinzi wa matabaka manne au matano. Kopo moja jeusi haliwezi kuchukua nafasi ya yote hayo.

Kwanza tukubaliane chuma safi ni kipi

Hapa ndipo kazi nyingi hufa, kabla kopo lolote halijafunguliwa. Ukisugua kutu kwa brashi ya waya ya grainda, mara nyingi unaing'arisha tu. Inakuwa nyororo, ya kijivucheusi, inametameta, na ukiitazama ndani ya gereji yenye kiza utadhani ni chuma. Leta taa kali, au sogeza gari juani. Chuma safi ni cheupe-kijivu chote, bila madoa meusi kwenye vishimo. Vishimo ndivyo vinavyoficha chumvi, na chumvi haiondoki kwa kusuguliwa. Huondoka kwa maji.

Mpangilio unaofaa ni huu:

1. Osha chini yote kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na sabuni, kwa presha, na uondoe matope ndani ya madigadi. Kisima cha pwani chenye maji ya chumvichumvi hakifai.
2. Ondoa grisi na oili kwa thina kabla ya msasa. Tumia vitambaa viwili: kimoja chenye thina, kingine kikavu cha kufutia kabla thina haijaruka. Ukianza na msasa, unaisukuma grisi ndani ya mikwaruzo.
3. Kwangua kutu, kisha pitisha msasa mkali, kama namba 80. Rangi inahitaji mikwaruzo ya kushika.
4. Suuza tena kwa maji safi, kausha papo hapo kwa kompresa, kisha futa kwa thina mara ya mwisho. Kuanzia hapo usiguse kwa mkono mtupu, kwani jasho nalo lina chumvi.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Acha sehemu ndogo wazi usiku mmoja. Madoa ya kahawia yakirudi asubuhi kwenye vishimo vile vile, chumvi bado imo. Rudia kuosha. Wateja wengi hawana subira ya hatua hii, na mafundi wengi hawalipwi kwa ajili yake, lakini ningeambiwa nichague kati ya rangi ghali kwenye chuma kichafu na rangi ya kawaida kwenye chuma kilichooshwa, ningechukua hii ya pili bila kusita.

Chuma safi kabisa: epoksi

Kwa chuma kilicho wazi na safi, jibu langu ni praima ya epoksi ya makopo mawili. Praima ni rangi ya kwanza, ile inayogusa chuma. Kopo moja lina rangi, la pili lina hadina, na vikichanganywa huungana kikemia na kuwa kitu kimoja kigumu. Rangi za kawaida za kopo la kupuliza hukauka kwa thina kuruka tu, na thina nyingine ikimwagika juu yake huyeyuka upya. Epoksi ikishaiva haiyeyuki hivyo. Hushika chuma kwa nguvu, na maji huipenya kwa shida sana.

Udhaifu wake mkubwa ni jua: ikipigwa na mwanga siku nyingi hupauka na kutoa unga. Chini ya gari hakuna jua, kwa hiyo udhaifu huo hautuhusu.

Lakini epoksi haisamehe uzembe. Uwiano wa mchanganyiko ufuatwe kama ulivyoandikwa kwenye kopo. Kuongeza hadina ili ikauke upesi ni kuiharibu. Baada ya kuchanganya, iache itulie kwa muda ulioandikwa. Piga mikono miwili, wa pili ndani ya saa zilizotajwa. Zikipita, uikwaruze kwanza kwa msasa, la sivyo mkono wa pili utabanduka kama ganda. Vaa glovu, kwa sababu hadina huweza kuiwasha ngozi, na kwa wengine mzio ukishaingia hautoki.

Usiiweke epoksi juu ya praima ya asidi, ile inayong'ata chuma kwa asidi ya fosforiki, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Asidi iliyobaki inaweza kuizuia hadina kufanya kazi yake. Chagua moja.

Kizibo cha viungio, ile puti laini inayowekwa pale mabati mawili yanapopishana, huwekwa juu ya epoksi. Kikiwekwa juu ya chuma kitupu, maji yatapata njia nyuma yake.

Zinki na kiraka cha kuchomelea

Rangi ya zinki, ambayo wengine huiita galvanaizi baridi, ina unga mwingi wa zinki, na hulinda kwa kujitoa kama bati la nyumba. Ili ijitoe, lazima unga huo uguse chuma chenyewe ili umeme upite. Ukiipaka juu ya kutu, juu ya rangi ya zamani au juu ya epoksi, umenunua rangi ya kijivu tu. Mahali pake hasa ni kati ya mabati mawili yanayochomelewa kwa kupishana, kwa sababu baada ya kuchomelea hutaweza tena kuingiza brashi humo. Kwa kazi hiyo kuna aina iliyotengenezwa kustahimili uchomeleaji. Moto ukishapita, safisha kilichoungua pembezoni, kisha upige epoksi kwa nje.

Fundi achomelee mahali penye hewa. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907, chini kabisa ya joto la kuyeyusha chuma, na moshi wake mweupe huleta homa na baridi kali usiku wa siku hiyo.

Oksaidi nyekundu na sifa ya zamani

Huyu ni mzee anayeheshimiwa, na heshima yake ina historia. Praima nyekundu za zamani zilikuwa na oksidi ya risasi, na risasi hiyo kweli ilizuia kutu. Ni sumu, hivyo ikaachwa. Rangi ikabaki nyekundu, lakini wekundu wa sasa ni oksidi ya chuma, unga mtulivu usio na nguvu ile. Kwa geti na madirisha inafaa. Chini ya gari la pwani ni dhaifu: hukauka polepole, na maji huipenya mapema kuliko epoksi.

Kosa baya zaidi ni kuipaka juu ya zinki. Oksaidi ya mafuta ikikutana na zinki na unyevu hugeuka kitu cha jamii ya sabuni pale zinapogusana, na rangi hubanduka mapande kwa mapande. Wanaopaka mabati mapya ya nyumba kwa rangi ya mafuta wameliona hilo.

Pale kutu inapokataa kuisha

Kuna kona ambazo msasa haufiki, na vishimo ambavyo ukivikwangua hadi mwisho utatoboa bati. Hapo zipo dawa za aina mbili.

Ya kwanza ni kigeuza kutu. Huwa na asidi ya fosforiki au tanini, ile inayoleta ukakasi wa chai na iliyomo kwa wingi kwenye magome ya mikoko na miwati. Tanini ikikutana na kutu huifanya nyeusi na tulivu zaidi. Haiirudishi kuwa chuma, hata kopo liseme nini. Hufanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshika, na ile inayobanduka magamba lazima itoke kwanza. Kwenye chuma safi haina kazi. Dawa ya asidi isuuzwe kama ilivyoelekezwa kabla ya epoksi, kwa sababu ile ile niliyoitaja.

Ya pili ni rangi ya poliyurethani inayoivishwa na unyevu wa hewa. Hii hupenda kutu iliyoshika, hujiingiza kwenye vinyweleo vyake na kuwa ngumu sana. Ajabu yake ni kwamba kwenye bati laini linalong'aa hushika vibaya, na hubanduka kama karatasi ya plastiki. Mara nyingi watu huinunua kwa sababu ya sifa zake, wakaipaka kwenye kiraka kipya kilichosuguliwa kikang'aa, kisha wakailaumu rangi. Ina pia isosianeti, kemikali inayoweza kuleta pumu. Usiipulize kwa bunduki ya rangi ukiwa umevaa barakoa ya vumbi tu. Paka kwa brashi, mahali penye hewa.

*Kwa ufupi:*

- Chuma safi, kikwaruzo kizuri: epoksi.
- Kati ya mabati yanayochomelewa: zinki.
- Kutu nyembamba iliyoshika, isiyofikika: kigeuza kutu au poliyurethani ya unyevu.
- Chuma kitupu cha aina yoyote: kamwe si andasili peke yake.

Sasa ndipo jeusi linapokuja

Kazi ya tabaka jeusi ni kupokea mawe. Barabara ya changarawe hurusha kokoto zinazoweza kupasua epoksi, ambayo ni ngumu na hainyumbuliki sana. Chagua lile la mpira linalobaki laini. Lami ya bei nafuu hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyokwenda, na maji huingia kwenye nyufa. Lipige kiasi, ndani ya madigadi na sehemu zinazopigwa mawe. Sakafu nzima ikishakuwa nyeusi na nene, hutaiona kutu mpaka siku itakapotoboka. Kwa sababu hiyo ninapenda epoksi ya rangi ya kijivu au nyeupe iachwe wazi sehemu zisizopigwa mawe. Doa la kahawia litaonekana mapema.

Ziba kwa tepu ya karatasi vitu hivi kabla ya kupuliza: diski na mipira ya breki, bushi, mipira ya shafti, bomba la moshi, nati za kurekebishia na sensa zote. Muhimu kuliko vyote ni matundu ya kutolea maji chini ya milango. Tundu likizibwa, mhimili mzima hugeuka mtungi.

Ndani ya mihimili, na habari ya oili chafu

Gari nyingi huoza kutoka ndani kwenda nje. Humo rangi haifai, kwa kuwa huwezi kusafisha. Kinachofaa ni kitu chenye mafuta kinachotambaa: nta ya mihimili, au lanolini, ambayo ni mafuta ya sufi ya kondoo. Hupulizwa kwa mrija mrefu kupitia matundu yaliyopo. Haikauki kabisa, hivyo ikikwaruzwa hujifunga yenyewe. Irudie kila mwaka kabla ya masika. Na ukimpelekea gari fundi wa kuchomelea, mwambie kuna nta ndani, maana hushika moto.

Oili chafu na dizeli inayopulizwa kwenye sehemu za kuoshea magari ni mbadala mbaya wa wazo hilo zuri. Ni kweli mafuta hufukuza maji kwa muda. Lakini oili iliyotumika ina asidi zilizotokana na kuungua, dizeli hulainisha na kuvimbisha bushi za mpira, vumbi hunata juu yake, na mvua huipeleka yote mtaroni na kwenye visima vyetu. Tena hudhuru ngozi ya kijana anayeipuliza. Tuache kuiomba.

Saa ya kupaka

Usipake jioni ya pwani. Joto la bati likishuka karibu na kiwango cha umande, tabaka la maji lisiloonekana hukaa juu yake na rangi hulifunika. Wataalamu wa rangi hutaka bati liwe na joto zaidi ya kiwango hicho kwa nyuzi 3 angalau. Bila vipima, pitisha kitambaa chenye maji kwenye bati. Unyevu huo ukikauka ndani ya robo saa, endelea. Usipokauka, subiri. Asubuhi ya kiangazi, jua likiwa limeshapanda, ndiyo saa nzuri kwa Dar es Salaam na Mombasa.

Bisibisi ikizama

Kabla ya kununua chochote, chukua bisibisi na ugonge fremu, sehemu zinazoshika mikono ya magurudumu, na mihimili chini ya milango. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hulia kizito, na bisibisi huzama. Hakuna epoksi, zinki wala nta inayorudisha nguvu ya bati lililokwisha, na anayepaka jeusi juu yake anaficha hatari kwa mnunuzi atakayekuja baadaye na kwa watoto watakaokaa kiti cha nyuma. Ukikuta hivyo, fedha ya rangi ipelekwe kwanza kwa fundi wa kuchomelea, akate palipooza hadi afike kwenye chuma kizima, na gari lisibebe abiria mpaka kazi hiyo iishe.